Ndoo za Theodosia na Mashine ya Baridi

Watu wa Kagerankanda walimwita Theodosia mwizi kwa sababu walimwona akibeba maji. Naanza hapo hapo, maana nikianza mbali hasira itapoa, nami sitaki ipoe. Mimi ni mtu wa kutembea. Nauza nyungo na vikapu kati ya Kibondo na Kasulu, nalala nilipokaribishwa, na watu wanaoonewa nimewaona wengi. Lakini wengi huonewa kwa mambo yaliyofanyika gizani, hakuna aliyeyaona. Huyu alionewa kwa jambo lililofanyika mchana, barabarani, na kila aliyemsema vibaya alikuwa amemwamkia asubuhi ile ile, ndoo ikiwa kichwani mwake.

Nimweleze kwanza ni nani. Theodosia alizaliwa Kasanda, upande wa Kibondo, enzi hizo Kakonko haijawa wilaya. Akaolewa Kagerankanda na mfyatua matofali, mtu mpole, akafiwa naye watoto wakiwa bado hawajui kuosha vyombo. Akaenda kufanya kibarua kambini, kwenye kugawa chakula cha wakimbizi. Kazi yake ilikuwa kuchota maharage kwa kopo. Akishachota, anapitisha kijiti juu ya kopo, yaliyozidi yanarudi kwenye gunia, halafu anamimina. Aje mjane, aje mwenye nguvu, aje mtu aliyemletea zawadi, kijiti kinapita vile vile. Wakongo wa kule walimpa jina, wakamwita Mama Sawasawa. Wengine walimwita hivyo kwa kumchukia, maana walikuwa wameshazoea kuongezewa. Yeye aliitika tu.

Kwa hiyo kikundi cha wakulima wa maharage kilipojenga ghala lake pale Kagerankanda, hakuna aliyeuliza nani ashike ufunguo. Walimpa Theodosia.

Ghala lenyewe ni chumba cha matofali ya kuchoma, bati juu, madirisha mawili. Wanakikundi wanavuna maharage mwezi wa kwanza, wanaanika, wanayaleta yapimwe kwenye mizani na kuwekwa, wakisubiri tajiri aje kuchukua yakiwa yameadimika. Theodosia hapokei gunia bila kuuma. Anachota punje kutoka juu, nyingine kutoka chini kabisa, anaziuma moja moja. Punje ikivunjika kwa mlio, gunia linaingia. Ikiacha alama ya jino, anasema, "Rudi nayo ukaanike." Hata mwenyekiti wa kikundi, Dionis, mtu wa miraba minne na sauti nzito, alirudishwa na gunia lake mbele ya watu. Alicheka siku ile. Alicheka, lakini hakusahau.

Sasa, mwaka wa nyuma wadudu walikuwa wameingia wakayabungua maharage mpaka ukishika gunia unashika unga. Watu wakasema ni joto la bati. Chini ya lile bati kweli palikuwa pa moto, mtu akiingia adhuhuri anatoka shati limemganda mgongoni. Wakawa wanatafuta dawa ya joto. Ndipo akaja kijana mmoja anaitwa Brighton, kavaa tai, anatoka duka moja la mjini ambalo sitalitaja kwa kuwa hata sijui kama bado lipo.

"Mdudu akisikia baridi analala, wazee wangu," Brighton aliwaambia. "Hii ni AC. Kama ya benki. Mnawasha, mnafunga kila kitu, mnakwenda zenu shambani."

"Tufunge na madirisha?" Dionis akauliza.

"Mwenyekiti, ubaridi ni mali. Mali unaiachia mlango wazi?"

Watu wakacheka, wakaona kijana ana akili. Na kila aliyewahi kuingia ofisi kubwa alikumbuka karatasi iliyobandikwa mlangoni, kwamba funga mlango, AC inafanya kazi. Hilo ndilo tulilojifunza juu ya AC huku kwetu: kufunga mlango. Dionis akaleta mbao na misumari, akayapigilia madirisha yote mawili. Ule uwazi ulio kati ya ukuta na bati, unaopitisha upepo, akauziba kwa magunia ya zamani. Alifanya kazi ile kwa mkono wake, akajisifu kwayo. Kumbukeni kwamba alifanya kwa mkono wake.

Mashine yenyewe nimeiona, nimeigusa, niliomba nioneshwe ndani. Ni kasha jeupe la plastiki, linafika kifuani, lina magurudumu. Chini kuna tangi la maji. Kuna pampu ndogo kama ngumi ya mtoto, inayapandisha maji mpaka juu, halafu maji yanateremka taratibu kwenye ukuta wa makaratasi magumu yaliyokunjwa kama sega la nyuki. Feni iliyo ndani inavuta hewa kutoka nyuma, inaipitisha kwenye lile sega lililolowa, inaitoa mbele ikiwa ya baridi. Basi. Hakuna gesi humo, hakuna mtambo wa friji. Ni feni na maji. Mtu aliyekuuzia feni na maji akakwambia ni AC ya benki, huyo mwite jina unalotaka, mimi nimelelewa nisitukane.

Mwanzoni ilipendeza. Mvua zilikuwa zimekatika kidogo, jua linawaka, hewa kavu. Theodosia alikuwa akiipangusa ile mashine kwa kitambaa kama anavyopangusa picha ya marehemu mumewe. Ukifungua mlango unapokelewa na ubaridi mzuri, mpaka akina mama wakawa wanatafuta visingizio vya kuingia ghalani. Kazi ya Theodosia ilikuwa kuijaza maji. Asubuhi anakwenda kisimani, anarudi na ndoo, anamimina. Jioni tangi limeshuka, anakwenda tena. Jirani yake Ernesta, ambaye naye ni mwanakikundi, alikuwa akimwamkia kwa Kiha na kumtania akipita.

"Mwakeye, Theodosia. Mtoto wako mweupe ameshanyonya?"

"Ego, amenyonya. Analia tena."

Wakacheka, wakaachana. Nayasikia mpaka leo mazungumzo yale, maana Ernesta huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa shahidi.

Mvua za masika zikashika. Wanaozijua mvua za huku hawahitaji kuambiwa: ukungu asubuhi, mvua mchana, nguo ya mtoto inaning'inia ndani mpaka inanuka. Mashine ikaendelea kuvuma ndani ya chumba kilichofungwa, na Theodosia akaendelea kuijaza, kama alivyoambiwa. Kuna siku alimwambia Dionis kwamba ndani hakupoi tena kama zamani, kuna hali ya kunatanata, sakafu inateleza. Dionis akamwambia, "Ongeza maji." Akaongeza.

Maharage yakapakiwa kwenye Fuso, yakaenda Kasulu kwa Athuman, tajiri anayenunua maharage na kuyapeleka mbali. Athuman akafungua gunia la kwanza, akaingiza mkono, akautoa upesi. Maharage yalikuwa ya uvuguvugu, yananata, yana harufu ya uvundo, na humo katikati ukungu mweupe umeshika kama utando wa buibui. Akafungua la pili na la tatu. Akayapima, yakawa mazito kuliko yalivyoandikwa yalipoingia ghalani. Akasema neno moja, na neno hilo lilirudi Kagerankanda kabla ya Fuso.

"Haya yamenyweshwa maji."

Msomaji ambaye si mtu wa maharage aelewe uzito wa neno hilo. Kuna watu huyamwagia maharage maji ili mizani ipande. Ni wizi unaodharauliwa kuliko kuiba kuku, kwa sababu anayeiba kuku anachukua kuku mmoja, lakini huyu anaozesha jasho la watu wote. Mtu akishaitwa mmwaga maji, hata mbegu hauziwi.

Mkutano ukaitishwa pale pale mbele ya ghala. Magunia yaliyorudishwa yamepangwa chini kama maiti. Watu wamepoteza msimu, wanamtaka mtu. Siwalaumu kwa kumtaka mtu. Nawalaumu kwa kumchukua aliyekuwa karibu.

"Ufunguo unao nani?" Dionis akauliza.

"Ninao mimi," Theodosia akasema.

"Nani aliyeingiza maji ghalani?"

"Mimi. Ya mashine."

Ernesta akasimama. Hakumtazama Theodosia. Akasema, "Nimemwona asubuhi na jioni. Ndoo zilizojaa. Sikuwaza, nilimwona mwenzangu. Lakini sasa najiuliza, maji yote yale?"

"Haya," Dionis akasema, "tuelezane kama watu wazima. Fuso inatoka hapa mpaka Kigoma, inapanda milima, inashuka, rejeta yake haimalizi ndoo. Hiki kikasha kisichokwenda hata kwa jirani kinywe ndoo asubuhi na ndoo jioni? Kinakojoa wapi?"

Watu wakacheka. Niliwasikia wakicheka, maana siku ile nilikuwa nimepita na nyungo zangu. Theodosia akajibu, "Sijui yanakwenda wapi. Mimi nayatia tu, nayakuta yamepungua."

Jibu la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile, nalo ndilo lililommaliza. Wakasema hajui, kwa hiyo anaficha. Wakasema kijiti chake cha kambini kilikuwa cha kuonesha watu. Wakachukua ufunguo. Toka siku ile akina mama wakawa wanachelewa kwenda kisimani mpaka yeye atoke. Jumapili kanisani benchi lake likawa na nafasi. Kwenye gulio, mwenye dagaa akamwambia kwa upole kwamba dagaa zimekwisha, na dagaa zilikuwa pale kwenye turubai, lundo.

Angekuwa mwingine angekwenda kwa ndugu zake Kasanda akajifiche. Theodosia akavaa kitenge chake kizuri akapanda gari la Kasulu, akaenda moja kwa moja dukani kwa Athuman. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye baraza la duka hilo na nyungo zangu, nasubiri mvua ipungue, kwa hiyo hili sikusimuliwa.

Athuman alikuwa ndani na mkewe, Mwanaamina. Huyu Mwanaamina ni mtu wa Tanga, aliletwa na ndoa huku juu, na kila masika analalamika juu ya baridi. Ndiye anayemchemshia mumewe maharage ya majaribio kabla hajanunua, na ulimi wake tajiri anauheshimu kuliko mizani.

"Shikamoo, tajiri," Theodosia akasema.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mimi ndiye Theodosia wa ghala la Kagerankanda. Ulisema nimeyanywesha maharage maji. Nimekuja uniambie, uliona nini."

Athuman akatazama chini. Ni mtu mstaarabu, hakuzoea kuulizwa hivyo. "Mama, mimi sikukutaja jina. Nilisema maharage yamenyweshwa. Na yamenyweshwa. Mimi ni mtoto wa maharage, baba yangu aliuza maharage."

"Yalikuwa yamelowa sehemu moja, au gunia zima?"

Athuman akafikiri. "Zima. Na magunia mengine vile vile, yote sawasawa."

Hapo Mwanaamina akaacha kupanga sabuni. "Baba Zuhra, mtu akimwaga maji kwenye gunia, juu panalowa na katikati panabaki. Unanifundisha hivyo kila siku. Sasa huyu alimwaga kwa mkono gani, maji yaingie kila punje sawasawa?"

"Ndiyo maana nasema ni fundi."

"Fundi gani, bwana. Shoga, hebu kaa. Ulisema ghala. Kuna nini mle ndani?"

Theodosia akaeleza mashine. Alipofika kwenye sega na maji na feni, Mwanaamina akaanza kutikisa kichwa. Alipofika kwenye misumari ya madirisha, Mwanaamina akaweka mkono mdomoni, na sikujua kama anacheka au analia.

"Hiyo naijua," akasema. "Marehemu baba yangu alinunua moja kule Tanga, tukawa tunaoga mara mbili, bafuni na sebuleni. Hewa ya pwani yenyewe ni maji matupu, utaiongezea nini? Chumvi ikawa uji kwenye kopo. Tukampelekea shemeji yangu Dodoma, kule hewa kavu, midomo inapasuka. Anaiweka sebuleni, mlango wazi, dirisha wazi, inapuliza baridi mpaka anajifunika shuka. Hanunui nyingine. Sasa nyinyi mmeifungia chumbani, masika, na maharage?"

"Tuliambiwa tufunge."

"Na maji unayotia, unadhani yanakwenda wapi?"

"Ndicho wanachoniuliza kila siku."

"Yanakwenda hewani, mwenzangu. Ukitoka kuoga ukasimama penye upepo husikii baridi? Ni maji yanakauka mwilini, yanaondoka na joto lako. Ile mashine ndiyo kazi yake, inakausha maji kwa feni. Hewa inatoka baridi, lakini inatoka imelowa. Kama kuna dirisha, inakwenda zake, inakuja kavu nyingine. Ukiifunga, inazunguka humo humo, inalowa mpaka haiwezi kubeba tena, na baridi yenyewe inakwisha. Maharage makavu yakikaa hapo yanakunywa. Chochote kikavu kitakunywa. Weka hata chumvi uone."

Athuman akasema, "Mke wangu ameshakuwa fundi wa AC."

"Na wewe ulishakuwa hakimu," Mwanaamina akamjibu. "Kesho tunakwenda Kagerankanda. Ulilitoa neno, utakwenda nalo."

Wakaenda. Nami nikaomba nafasi nyuma ya gari, na nyungo zangu, maana mambo kama haya mtu hayapati mara mbili.

Dionis hakutaka. Alisema kesi imekwisha. Mwanaamina akamwambia, "Mwenyekiti, mimi sitaki kesi, nataka visahani viwili vya chumvi." Watu walikuwa wameshakusanyika, ikawa vigumu kukataa chumvi. Kisahani kimoja kikawekwa ghalani juu ya meza, kingine ofisini kwa Dionis, mlango wa pili, dirisha wazi. Mwanaamina akamtaka mwenyekiti aijaze mashine mwenyewe. Dionis akabeba ndoo, wanawake wakampigia vigelegele vya kejeli, akamimina, akawasha, akafunga kwa kufuli lake mwenyewe. Theodosia akakalishwa nje kwenye kigoda, mbele ya wote, mikono magotini. Tukakaa. Mvua ikanyesha ikapita. Watu wakala mahindi ya kuchoma.

Alasiri wakafungua. Tangi limeshuka chini ya nusu. Sakafuni hakuna dimbwi. Kuta zina jasho, mtu akipitisha kidole kinachora. Chumvi ya ghalani imekuwa maji, kisahani kinachuruzika. Ile ya ofisini imenyong'onyea kidogo tu, kama chumvi yoyote ya masika.

Mwanaamina akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Mwenyekiti, ndoo yako umeinywa wewe?"

Hakuna aliyecheka. Ernesta akajifunika uso kwa kanga.

Dionis akampigia simu Brighton palepale, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie. Naandika kama nilivyosikia.

"Aisee mwenyekiti, ile kitu haifungiwi ndani. Lazima hewa ipite. Mnafungua dirisha."

"Ulituambia tufunge."

"Nilisema mtunze ubaridi. Kutunza na kufunga ni vitu viwili."

"Ulisema ni AC."

"Mzee, ni AC kwa maana ya kupoza. Ni feni ya maji. Na ile ni ya watu, siyo ya mazao. Nani kaiweka kwenye mazao?"

"Wewe ndiye uliyeisukuma mpaka ghalani."

"Mtandao unasumbua, mwenyekiti. Nitakupigia."

Hakupiga. Mpaka naandika haya, hajapiga. Huyo ni wa kwanza kunikasirisha. Kijana mzima, mwenye tai, anauza kitu ambacho hakijui au anakijua na ananyamaza, na maneno yake yakiharibu msimu wa kijiji anaulaumu mtandao. Lakini wa pili alinikasirisha zaidi, na alikuwa amesimama mbele yangu.

Dionis alikohoa. Akasema, "Basi, ndugu zangu, tumeona. Ni bahati mbaya. Mimi napendekeza tumsamehe Theodosia, tumrudishie ufunguo, tuendelee."

Watu wakaguna kwa kukubali. Wakaona jambo limekwisha vizuri. Wengine walianza kuinuka, kupangusa nguo.

Theodosia hakuinuka kwenye kigoda. "Mnisamehe nini?" akauliza.

"Yaani, yote yaliyopita."

"Mwenyekiti, mtu anasamehewa alichokosa. Mimi nimekosa nini?"

"Theodosia, usilikuze jambo. Ufunguo huu hapa."

"Ufunguo kaa nao. Siku mliponichukulia ufunguo hamkwenda nyumbani mkanyamaza. Mlikwenda gulioni. Mwenye dagaa alinijua mmwaga maji kutoka wapi? Padri aliniuliza kwa upole kama nina jambo la kuungama. Nani alimwambia? Lilikosemwa lile, na hili likasemwe huko huko. Siku ya gulio, watu wakiwa wamejaa. Useme wewe, siyo mjumbe."

Dionis akasema atafikiria. Mwanaamina akasema, "Fikiria, mwenyekiti. Mume wangu anafikiria pia kama atanunua tena maharage ya huku." Athuman alishtuka kusikia anachofikiria, lakini akaitikia kwa kichwa. Naye alimwendea Theodosia, akasimama mbele ya kigoda, akasema, "Mama, mimi nilisema neno bila kuliuliza. Nisamehe." Yeye alisema nisamehe. Sikilizeni tofauti. Mtu wa mbali, asiye na deni la ujirani, alijua nani wa kuomba.

Kabla sijafika gulioni, nimalize habari ya mashine, maana wengi huniuliza kama ilitupwa. Haikutupwa, mashine haina dhambi. Madirisha ya ghala yaling'olewa mbao na uwazi wa juu ukazibuliwa, maharage yaliyonusurika yakaanikwa kila jua lilipochungulia. Mashine ikahamishiwa kwenye banda wanapochambulia maharage, lile lisilo na kuta pande mbili. Nimepita hapo mwezi wa nane, kiangazi, upepo mkavu wa vumbi, akina mama wamekaa kwenye mikeka wanachambua, mashine imegeuziwa mgongo kule upepo unakotoka, inawapulizia. Ni raha kweli. Inapoza watu, na unyevu unakwenda zake shambani. Masika ikirudi wanaichomoa, wanakausha lile sega, wanaifunika. Hilo ndilo tu lililotakiwa kusemwa toka siku ya kwanza: iwekwe penye hewa kavu na pa kutokea, ipoze watu, isikae na vitu vikavu. Ni maneno ya kusema mtu akiwa amesimama mlangoni, kabla hata hajakaribishwa maji ya kunywa.

Siku ya gulio Dionis alikuja. Nadhani alikuwa ametumaini mvua. Jua lilitoka kali. Aliazima spika ya mwuza mitumba, ile ya kunadia, akapanda juu ya kreti za soda. Theodosia alisimama kati ya watu, si mbele wala si nyuma, na kitenge chake kile kile cha Kasulu.

"Habari za gulio," Dionis akasema, spika ikapiga mluzi. "Kuna jambo dogo la kikundi. Yale maharage yaliyoharibika, tumechunguza, na tumeona kwamba Theodosia hakumwaga maji. Asanteni."

Akaanza kushuka.

"Mwenyekiti," Theodosia akasema. Hakupaza sauti, ila wauza dagaa walinyamaza. "Usiwadanganye watu. Nilimwaga."

Dionis akabaki mguu mmoja juu ya kreti.

"Nilimwaga kila siku, asubuhi na jioni, na hawa wote waliniona. Ukisema sikumwaga watasema umenifichia. Sema nilimwaga wapi. Sema nani aliniambia niongeze. Sema nani alipigilia madirisha."

Nilimtazama Dionis. Mtu wa miraba minne kama yule, jasho likamtoka kama ukuta wa ghala lake. Nilitaka kumwonea huruma, ni tabia yangu kuwaonea watu huruma, lakini siku ile haikuja. Alipanda tena juu ya kreti.

"Alimwaga kwenye mashine," akasema. "Mashine tuliletewa, na mimi ndiye niliyeikubali. Madirisha nilipigilia mimi. Aliponiambia ndani kunanata, nilimwambia aongeze maji. Maji yakaingia kwenye maharage kwa njia ya hewa. Hakuiba. Sisi tulimwita mwizi, na mimi nilianza."

Mwuza mitumba akanyoosha mkono kudai spika yake, wateja wanamsubiri. Theodosia akamshika kiwiko, taratibu.

"Subiri kidogo, kaka," akamwambia. "Wa upande wa mbuzi hawakusikia. Arudie."

Akarudia.